Moodle yamfaa mhadhiri anayeanza kozi kutoka mwisho

Mara nyingi ukifungua ukurasa wa uniti kwenye Moodle ya chuo, yaani programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, unakutana na sura ile ile: wiki 14 zimepangwa moja chini ya nyingine, kila wiki ina faili moja ya slaidi, katikati pana sehemu mbili za kuwasilishia CAT (majaribio ya katikati ya muhula), basi. Hiyo ni kabati ya faili tu. Kazi ya kusambaza slaidi hata kundi la WhatsApp linaiweza, tena linamfikia mwanafunzi anayeishi pembezoni mwa Nairobi, Kahawa au Rongai, upesi zaidi. Moodle inafaa kupimwa kwa jambo zito kuliko hilo: je, inamsaidia mhadhiri kupanga kozi ambayo mwanafunzi akiimaliza mwezi Desemba anaweza kufanya kitu asichokiweza Septemba?

Inasaidia, na kwa darasa la wanafunzi zaidi ya 60 sijui programu ya bure inayoishinda. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotelea kwenye daftari la alama, nitakuja huko. Ila nyota hizo nne ni za mhadhiri anayefika kwenye kompyuta akiwa na mpango wake tayari. Asiye na mpango ataona menyu ndefu, vitufe vingi na wanafunzi waliochoka.

Kwa ufupi kuhusu chombo chenyewe: Moodle ilianzishwa na Martin Dougiamas huko Australia, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2002. Ni programu huria, kwa hiyo chuo hakilipi leseni. Kinacholipiwa ni seva na mtu wa kuitunza, na huyo mtu ni muhimu kuliko seva. Moodle ina kazi ndogo zinazopaswa kujiendesha zenyewe chinichini kila dakika, na zikiachwa bila kuwashwa, barua pepe za kukumbusha haziendi, na mambo mengine yanakwama bila mtu kujua sababu. Ukiona taarifa za kozi haziwafikii wanafunzi, mwulize fundi wa seva kuhusu hilo kabla ya kuwalaumu.

Sasa mpango. Chukua karatasi kabla hujagusa kompyuta. Uniti ya saa 3 kwa wiki, wiki 14, ni saa 42. Ondoa wiki mbili za CAT, umebaki na saa 36. Muhula wa Septemba nao una tarehe 10 na 20 Oktoba, ambazo ni sikukuu na huenda zikaangukia siku yako ya kufundisha, kwa hiyo panga saa 33 na uache 3 za dharura. Mtaala wenye mada 20 hautoshei humo, na ni heri kulijua hilo Agosti kuliko Novemba.

Andika mambo manne hadi sita ambayo mwanafunzi ataweza kuyafanya. Kila moja lianze na kitenzi ambacho unaweza kukitazama kikitendeka na kukipa alama. Tuchukue uniti ya utangulizi wa takwimu kwa wanafunzi wa biashara, na mediani, yaani namba ya katikati data ikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa. "Kuelewa mediani" hakusahihishiki. "Kuchagua kati ya wastani na mediani pale data inapoegemea upande mmoja, na kutetea uchaguzi huo kwa sentensi mbili" kunasahihishika. Kisha, kabla ya slaidi hata moja, tunga mtihani wa mwisho. Ukishautunga, chora jedwali: malengo upande wa kushoto, na juu uandike CAT 1, CAT 2, asainimenti, mtihani. Weka tiki pale lengo linapopimwa. Lengo lisilo na tiki linapimwa au linafutwa. Swali la mtihani lisilo na lengo linaondoka.

Hii ndiyo kazi ambayo mtaalamu wa elimu John Biggs aliitetea katika maandishi yake ya mwaka 1996: malengo, shughuli za darasani na upimaji viwe vinavuta kamba upande mmoja. Kosa la kawaida ni muhtasari wa kozi kusema "kutetea" na "kutafsiri", halafu CAT ikauliza "taja sifa tano za…". Wanafunzi wana akili. Wanatafuta karatasi za mitihani iliyopita, wanaona kinachoulizwa, na wanakariri hicho. Malengo yaliyoandikwa kwa wino mzuri hawayasomi, na hawana kosa.

Ukiwa na jedwali hilo mkononi, ndipo Moodle inapoanza kukulipa, na malipo makubwa yako kwenye kwizi na benki ya maswali.

Benki ya maswali hupangwa kwa mafungu. Wengi huyapa mafungu majina ya wiki. Yape majina ya malengo. Sababu ni kwamba kwizi inaweza kuvuta maswali bila mpangilio kutoka fungu fulani, na ukishapanga kwa malengo unaweza kuiambia: maswali 4 ya lengo la pili, 3 ya lengo la tatu, 1 la lengo la kwanza ili lisisahaulike. Kila mwanafunzi anapata karatasi yake, na bado wote wamepimwa jambo lile lile.

Kuandika maswali moja moja ndani ya Moodle kunachosha. Njia fupi ni kuyaandika kwenye faili ya maandishi matupu kwa mtindo unaoitwa Aiken, kisha kuyaingiza yote mara moja. Swali linakaa hivi:

Nauli walizolipa abiria 9 wa matatu ni Sh50, 50, 50, 60, 60, 70, 80, 80 na 400. Kiasi gani kinamweleza vizuri zaidi abiria wa kawaida?
A. Sh50
B. Sh60
C. Sh100
D. Sh400
ANSWER: B

Swali liwe kwenye mstari mmoja hata likiwa refu. Herufi za majibu ziwe kubwa, zifuatwe na nukta na nafasi. Neno ANSWER liandikwe hivyo hivyo, kwa herufi kubwa na nukta pacha, hata kama maswali yako ni ya Kiswahili. Faili ihifadhiwe kama maandishi matupu ya UTF-8. Ukiingiza faili ya Word, itakataliwa, na ujumbe wa kosa utakaoupata hautakusaidia sana.

Yatazame majibu yale kwa karibu. Wastani wa nauli hizo ni Sh100, mediani ni Sh60, na Sh50 ndiyo inayojirudia zaidi. Aliyechagua C amejumlisha na kugawanya bila kuona kwamba abiria mmoja aliyelipa Sh400 amevuta wastani juu ya nauli za wote wengine. Aliyechagua A amefuata wingi. Aliyechagua D hajasoma swali. Kila jibu lisilo sahihi linakuambia kosa gani limefanyika, na hapo ndipo ubora wa swali ulipo. Majibu ya kujazia nafasi, kama "yote hapo juu", hayakuambii kitu. Aiken haibebi maelezo ya kila jibu, kwa hiyo ukishayaingiza maswali rudi uandike mrejesho wa yale majibu mawili yanayopendwa na wengi. Sentensi moja inatosha: "Angalia ile Sh400: ukiiondoa, wastani unakuwa ngapi?" Utakuwa Sh62.50, na mwanafunzi ataona mwenyewe.

Mpangilio unaofanya kazi kwa kwizi ya kila wiki ni huu: maswali 8 yanayovutwa kutoka benki ya 24, bila kikomo cha muda, kurudia ruksa mara kadhaa, na alama ya juu ndiyo inayohesabiwa. Ifunguliwe baada ya kipindi na ifungwe kabla ya kipindi kinachofuata. Faida yake haitokani na alama. Mwaka 2006, watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine waliyarudia kuyasoma, wengine walijipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima mara tatu walikumbuka takriban 61%, na waliosoma tu takriban 40%. Mtihani wa Desemba hauji baada ya dakika tano.

Mtego mkubwa wa kwizi uko kwenye jedwali la tiki linaloamua mwanafunzi aone nini na lini. Lina nguzo nne: wakati anajibu, mara tu anapomaliza, baadaye kwizi ikiwa bado wazi, na baada ya kufungwa. Ukiiacha tiki ya "jibu sahihi" kwenye nguzo ya pili huku umeruhusu kurudia, umegawa majibu. Jaribio la kwanza linakuwa la kuyakusanya na la pili la kuyanakili. Ondoa tiki hiyo kwenye nguzo ya pili na ya tatu, uache mrejesho wako uonekane, na jibu sahihi lifichuke kwizi ikishafungwa.

Kwizi hizi zote kwa pamoja zipe alama 5 kati ya 30 za kazi za muhula, zisizidi. Zinafanyiwa hosteli, simu ikiwa mkononi na programu za akili unde karibu, na hakuna anayesimamia. Ni za kujifunzia. CAT yenyewe ifanyike kwenye maabara ya kompyuta au kwa karatasi, mbele ya macho ya mtu.

Baada ya CAT ya maabara, fungua ripoti ya takwimu za kwizi. Hiki ni kipengele ambacho ningemsihi kila mhadhiri akijue. Kila swali lina namba mbili za kuangalia. Ya kwanza inaonyesha ni asilimia ngapi ya alama za swali hilo darasa lilipata. Ya pili inaonyesha kama waliolipata swali ndio pia waliofanya vizuri kwenye maswali mengine. Namba hiyo ya pili ikiwa juu ya 30, swali linatenganisha vizuri anayejua na asiyejua. Ikishuka chini ya 20, lisome upya, kwani huenda maneno yake yanachanganya. Ikiwa chini ya sifuri, wanafunzi bora ndio wanaolikosa, na hapo karibu kila mara ufunguo wa majibu umekosewa au kuna majibu mawili sahihi. Lisahihishe, agiza Moodle ihesabu alama upya, na ufanye hivyo kabla matokeo hayajatoka. Kwa darasa la watu 15 namba hizi hucheza sana, usizitegemee.

Kufunga wiki kwa masharti ni kipengele kizuri kinachotumiwa vibaya. Unaweza kuagiza wiki ya 6 isifunguke mpaka mwanafunzi apate 60% kwenye kwizi ya wiki ya 5. Kwanza hakikisha umeandika alama ya kupita ndani ya kwizi yenyewe, maana sharti la "amepita" linaitegemea alama hiyo. Pili, usifunge kila wiki. Mwanafunzi aliyelazwa hospitali siku kumi anarudi na kukuta milango imefungwa kwa mnyororo, na wewe unafungua mmoja mmoja kwa mkono. Kufuli mbili kwa muhula zinatosha, ziwekwe pale ambapo mada inayofuata haieleweki kabisa bila iliyotangulia.

Kwa madarasa makubwa kuna shughuli ya kusahihishana, ambayo Moodle inaiita wakshopu. Hesabu ni rahisi: asainimenti 120 kwa dakika 10 kila moja ni saa 20 za kusahihisha. Kwenye wakshopu kila mwanafunzi anasahihisha kazi tatu za wenzake kwa rubriki (orodha ya vigezo vya kutolea alama) uliyoandika, na anapata alama mbili: ya kazi yake, na ya jinsi alivyosahihisha. Moodle huanza na 80 kwa 20, na mgawo huo unafaa kuachwa ulivyo. Inapita katika hatua tano, kuanzia maandalizi hadi kufungwa, na mhadhiri ndiye anayesogeza hatua. Kinachoharibika mara nyingi ni kusogeza kwenda hatua ya kusahihisha kabla ya kugawa kazi: wanafunzi wanaingia, wanakuta patupu, na simu yako inaanza kulia. Gawa kwanza. Tena uweke kazi moja ya mfano wote waisahihishe kabla ya kugusa za wenzao, kwani rubriki isiyofanyiwa mazoezi kila mtu huisoma kivyake.

Daftari la alama sasa. Moodle ikiachwa na mpangilio wake wa mwanzo, uzito wa kila kazi unafuata alama zake za juu. Sema una kwizi 12 za alama 10 kila moja, asainimenti ya alama 100 na CAT ya alama 30. Jumla ni 250. Kwizi za hosteli sasa zinabeba 48% ya alama za muhula, asainimenti 40%, na CAT uliyoisimamia kwa macho yako 12%. Hakuna onyo linalotokea. Tengeneza makundi, uandike uzito kwa mkono, kisha ujaribu kwa mwanafunzi wa bandia mwenye alama unazozijua na uone kama jumla inatoka sawa na ya kikokotoo. Kuna jambo la pili linalowaumiza wanafunzi zaidi: kazi ambayo haijafanywa haihesabiwi mpaka uondoe mpangilio unaoziruka nafasi tupu. Aliyefanya kwizi moja tu na kupata 9 kwa 10 anaona 90% kwenye simu yake miezi miwili mizima, na anaamini yuko salama. Programu iliyokomaa kiasi hiki ingepaswa kumwonya mhadhiri. Ndiyo maana nyota moja imebaki mfukoni.

Simu, bando na stima. Programu ya Moodle ya simu inamruhusu mwanafunzi kushusha kozi akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo na kusoma nyumbani bila bando. Hata kwizi inaweza kufanywa bila intaneti, lakini kwa masharti: lazima uiwashe ruhusa hiyo mwenyewe, kusiwe na kikomo cha muda, na mrejesho uwe ule unaotolewa baada ya kumaliza. Mtindo wa kumjibu mwanafunzi hapo kwa hapo, swali kwa swali, haufanyi kazi bila mtandao. Inabidi uchague, na kwa wanafunzi wanaonunua bando la siku ningechagua ile ya bila mtandao. Waambie wazi kwamba majibu hayajafika mpaka simu iunganishwe tena. Stima ikipotea katikati ya CAT ya maabara, majibu hayapotei yote, kwa kuwa Moodle huyahifadhi yenyewe karibu kila dakika. Mwanafunzi akirudi anaendelea alipofika, na muda uliopotea unamwongezea yeye peke yake kwenye mipangilio ya kwizi. Video ndefu usizipakie kabisa. Kata vipande vya dakika nane hivi, ubora wa chini, na uweke maandishi yake kando.

Seva nyingi huelemewa wanafunzi 300 wanapobofya "anza" saa mbili kamili asubuhi. Wagawe makundi matatu, kila kundi na saa yake. Pia weka maswali matano kwa ukurasa badala ya moja, kwa sababu kila kufungua ukurasa ni ombi jipya kwa seva.

Na saa. Seva ikiwa imewekwa majira ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, badala ya Nairobi, makataa ya 23:59 yanafika kweli karibu saa tisa usiku. Hata seva ikiwa sawa, 12:00 AM huwachanganya watu wasijue ni usiku wa kuamkia siku gani. Weka makataa saa mbili usiku, 8:00 PM, uandike siku kwa jina, wakati ambapo bado kuna mtu wa kujibu anayekwama.

Google Classroom, iliyotoka mwaka 2014, ni nyepesi kuliko Moodle na mhadhiri anaijua kwa nusu saa. Kwa semina ya watu 20 wanaoandika insha, ichukue hiyo. Haina benki ya maswali ya kuvuta kwa malengo, wala ile ripoti ya takwimu za maswali, kwa hiyo darasa kubwa la hesabu, uhasibu au sayansi litaichosha mapema.

Gharama halisi ya Moodle ni saa zako. Kwizi 12 zenye benki ya maswali 24 kila moja ni maswali 288. Kwa dakika sita kila swali, hizo ni karibu saa 29, na mhadhiri wa muda anayekimbia kati ya kampasi mbili hana saa hizo Agosti. Aanze na wiki nne zilizo ngumu zaidi kwa wanafunzi, maswali 96, chini ya saa 10. Muhula ukiisha, yale maswali yenye namba mbovu ayarekebishe au ayatupe, ahifadhi nakala ya akiba ya kozi nzima bila data za wanafunzi, na aichukue faili hiyo kwenye flashi yake mwenyewe. Muhula wa Januari ataiingiza kwenye ukurasa mpya, abadilishe tarehe, aongeze wiki nyingine nne.